GARI LINALOINAMA UPANDE MMOJA
Mazungumzo kwa wenye magari na madereva

Wasikilizaji, gari likisimama mahali palipo sawa huku limeinama upande mmoja, lina ugonjwa. Wengi huudharau, na wengine hukimbilia dukani kununua springi ya upande ulioinama. Mara nyingi fedha hizo hupotea, kwani penye kuinama sipo penye ugonjwa sikuzote.

Kwanza, mizigo yote ipakuliwe, na gari liwekwe penye sakafu iliyo sawa. Pili, matairi yatazamwe: yawe ya kipimo kimoja, na upepo uwe sawa kulia na kushoto. Tatu, upimwe urefu kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, na hesabu za magurudumu yote 4 ziandikwe.

Kisha yapasa kujua kama kasoro iko mbele au nyuma. Magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe. Jeki iwekwe nyuma, chini ya fremu, katikati kabisa, na gari liinuliwe polepole mpaka springi za nyuma zisibebe uzito. Gari likinyoka, kasoro iko nyuma. Likizidi kuinama vile vile, iko mbele. Lakini mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Hapo ndipo springi zichunguzwe. Huenda bamba moja limevunjika, au boliti ya katikati imekatika, au springi imechoka kwa kulemewa upande mmoja miaka mingi. Shokomzoba ya kawaida haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kutuliza mtikiso, basi kuibadili hakuondoi kasoro hii.

Pana jambo jingine. Katika Land Rover nyingi za springi za mabamba, zilizotengenezwa kati ya 1948 na 1985, springi ya upande wa dereva haikuwa sawa na ya upande wa abiria. Fundi akiifunga ya kulia kushoto, gari huinama hata kama springi zote ni mpya.

Springi zilizochoka zibadilishwe mbili pamoja, kulia na kushoto. Kutia kipande cha mbao au kuongeza bamba upande mmoja ni kuuficha ugonjwa. Springi zikiwa nzima, fundi aipime fremu, maana huenda ilipindika katika ajali.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lori lililoinama kushoto likiwa tupu huinama zaidi likijaa watu na magunia. Nalo likipinda kwa kasi katika kona ya kulia, uzito wote huangukia springi ile ile dhaifu. Hapo hasara si bei ya springi tena, bali ni maisha ya waliopanda.