Moto wa Tumboni

Uko jikoni, uko safarini, uko dukani unasubiri wateja, sogeza sikio. Leo nakuletea habari za chungu kimoja chenye vitu viwili tu: mchele na choroko.

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita pwani yetu. Alilala Mombasa usiku mmoja, kisha akaendelea hadi Kilwa. Mwaka 1333 alikuwa amefika India, na huko Delhi Sultani Muhammad bin Tughluq akampa ukadhi. Kadhi huyu alikuwa na jicho la kutazama sahani za watu. Aliandika kwamba Wahindi huchemsha choroko pamoja na mchele, wakala kwa samli, na hicho ndicho kifungua kinywa chao kila siku. Alikitaja kwa jina: kishri. Na ili watu wa kwao wamwelewe, akasema chakula hicho kwa Wahindi ni kama supu ya harira kwa watu wa Maghrib.

Kishri hicho ndicho kichiri cha leo. Siku hizi kinasifiwa mpaka Ulaya na Marekani kuwa ni chakula cha kusafisha tumbo, na watu hukila siku kadhaa mfululizo bila kugusa kingine. Lakini waganga wa kale wa India walikuwa na maana gani waliposema kusafisha? Hapo inatubidi turudi nyuma, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Ibn Battuta kuzaliwa.

Kuna kitabu cha tiba kiitwacho Charaka Samhita, kilichoandikwa kwa Kisanskriti, chenye sehemu 8 na sura 120. Ni miongoni mwa nguzo za Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Umaarufu wake ulivuka mipaka, hata kikatafsiriwa kwa Kiarabu.

Sasa sikilizeni jambo hili. Sisi Waswahili tunasema tumbo husaga chakula. Tumbo letu ni kinu, ni jiwe la kusagia. Katika Kisanskriti, neno la kupika na neno la kuyeyusha chakula tumboni yana mzizi mmoja. Tumbo lao ni jiko. Ndani yake mna moto, nao wanauita agni. Moto ukiwaka sawasawa, chakula huiva na mwili hupata nguvu. Moto ukififia, chakula hubaki bila kuiva, na masalio yake wakayaita ama, maana yake kibichi. Uchafu waliotaka kuuondoa ndio huo.

Njia zao za kuuondoa zilikuwa kali: mgonjwa alipewa dawa ya kumtapisha au ya kumwendesha tumbo. Ila waganga hao walijua kwamba dawa hiyo ikishatoka na uchafu, huacha moto nao umedhoofika. Ukimpa mgonjwa pilau hapo, ni kama kutupa gogo bichi juu ya kaa moja. Charaka, ambaye kitabu kile kimebeba jina lake, anatoa mfano ambao mwanamke yeyote aliyewahi kupuliza jiko la kuni atauelewa: moto mdogo hulishwa majani makavu na mavi makavu ya ng'ombe, kidogo kidogo, mpaka uwe mkubwa na uweze kupika kila kitu.

Ndipo wakapanga ngazi ya milo. Kwanza uji wa mchele mwepesi sana, karibu maji matupu. Halafu uji mzito. Halafu mchuzi wa choroko, mwanzo bila kiungo chochote, baadaye ukiwa umeungwa kwa samli, chumvi na viungo. Mwisho supu ya nyama. Naam, nyama imo. Aliyesafishwa kwa nguvu alikaa milo mitatu katika kila hatua, jumla milo 12, na siku ya saba alirudi kwenye chakula cha kawaida. Aliyesafishwa kidogo alipanda ngazi hiyo hiyo kwa milo 4 tu.

Kwa nini choroko? Kwa sababu Charaka aliziweka mbele ya jamii yote ya kunde kwa ubora. Lakini kuchanganya mchele na jamii ya kunde hakukuhesabiwa chakula chepesi siku zote. Krishara, babu yake kichiri, iliyopikwa kwa mchele, ufuta na jamii ya kunde, vitabu vya kale viliiweka kundi moja na vyakula vizito.

Na mambo yalizidi kunoga kichiri kilipoingia ikulu. Katika karne ya 16, Abul Fazl, mwandishi wa Mfalme Akbar wa India, aliandika kipimo cha kichiri cha jiko la mfalme: mchele, choroko na samli, uzito sawa kwa sawa. Hicho ni chakula cha karamu! Mwanawe Akbar, Jahangir, alikionja kichiri cha uwele huko Gujarat, kikamkaa moyoni, akaagiza aletewe siku zake za kuacha nyama.

Basi wepesi wa kichiri hutoka mkononi mwa mpishi. Choroko ziwe zimepasuliwa na kutolewa maganda, zilowekwe, kisha zichemshwe na mchele kwa maji mengi na moto wa pole mpaka punje zivunjike zenyewe. Pembeni, kwenye samli ya kijiko kimoja au viwili, bizari nyembamba ikaangwe mpaka inukie, pamoja na tangawizi, manjano, na mvuje chembe tu. Ni mvuje huu huu tunaoujua pwani, wenye harufu kali, na wapishi wa India wanautia kwenye jamii ya kunde ili kupunguza gesi tumboni. Mimina, koroga, kula cha moto, na usishibe kupita kiasi.

Niseme wazi, kwa kuwa nawapenda: kazi ya kutoa sumu mwilini ni ya ini na figo, na hakuna chungu kinachoweza kushika nafasi yake. Mwenye kisukari, mjamzito, au anayetumia dawa za kila siku asibadili mlo bila kumwuliza daktari. Kichiri ni pumziko kwa tumbo lililochoka.

Na sisi je? Pwani tuna mseto. Mchele na choroko, au pojo kama wasemavyo Mombasa, vimepikwa kwa tui la nazi vikasetwa pamoja, na kwenye kuseta huko ndiko jina lilikotoka. Tuna uji wa mchele anaopewa aliyeinuka kutoka kwenye homa, mwepesi leo, mzito kesho, kisha ndizi laini, kisha supu. Hiyo nayo ni ngazi. Bibi zetu waliijua daraja kwa daraja, ila hakuna aliyeiandika.

Kwa hiyo nina ombi, msikilizaji. Kama nyumbani kwenu bado yupo bibi au shangazi, mwulize leo: mgonjwa akianza kula, unaanza kumpa nini, na siku ya pili nini? Chukua daftari uandike. Charaka tunamjua leo kwa sababu kuna walioketi wakaandika.