Mguu wa Mlimani: Familia na Maisha baada ya Kukatwa Mguu katika Wilaya ya Same



Kumkata mtu mguu ni kazi ya saa chache katika chumba cha upasuaji. Yanayofuata huchukua miaka, na wanaoyafanya hawajayasomea: mke, mume, dada, mama mkwe, mtoto wa darasa la sita. Nimekuja kusema jambo moja. Katika wilaya yetu, mtu aliyekatwa mguu hupotea zaidi katika zile wiki anazolala nyumbani akisubiri kigutu kipone kuliko mikononi mwa daktari. Wanaompoteza ni wale wale wanaompenda kuliko watu wote, kwa sababu hakuna aliyewaambia la kufanya.

Sisi ni watu wa kutembea. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kwa miguu hadi hapa Same kupinga kodi ya kikoloni iliyoitwa mbiru, nao wakakaa hapa kwa muda mrefu wakidai haki yao. Hadi leo, kutoka nyumba hadi shamba, hadi ndiva, yaani bwawa la kumwagilia, hadi sokoni, hadi kanisani au msikitini, ni njia ya mguu inayopanda na kushuka. Mlima wa Shengena unapita mita 2,400, na vijiji vimekaa ubavuni mwake. Kwa hiyo mtu wa Pare Kusini anapoambiwa kwamba mguu utakatwa, anachosikia kwanza ni kwamba hatafika tena anakokwenda kila siku.

Wanaofikia hatua hiyo ni wengi wa namna tofauti. Wapo vijana wa bodaboda na abiria wao. Wapo wenye kisukari, ambao nyayo zao zimekufa ganzi, wakachomwa na mwiba au kaa la moto bila kusikia, na kidonda kikaoza ndani ya kandambili. Wapo walioumwa na nyoka huku tambarare, upande wa Kisiwani na Ndungu, wakachelewa kufikishwa hospitali. Wapo waliovunjika wakafungwa vijiti vilivyokaza mno hadi damu ikakosa njia.

Halafu kuna kikao. Daktari akisema mguu ukatwe, familia huomba muda ili ukoo ukutane. Baba mkubwa yuko Dar es Salaam, shangazi yuko Tanga, na hakuna anayetaka kubeba peke yake uamuzi wa kumpunguza ndugu yake. Ninakiheshimu kikao hicho. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo, na ninajua kwamba ndicho kitakacholipa nauli na kumlisha mgonjwa baadaye. Lakini mguu uliooza hausubiri. Mguu ambao Jumatatu ungekatwa chini ya goti, baada ya siku kadhaa huenda ukalazimika kukatwa juu ya goti, na goti ndilo mali kubwa kuliko zote. Aliyekatwa chini ya goti kwa ajali, akivaa mguu bandia, hutumia nguvu takriban robo zaidi ya mtu wa kawaida kutembea mahali tambarare. Aliyekatwa juu ya goti hutumia zaidi ya nusu ya ziada. Huko ni tambarare tu. Sasa mpandishe njia ya Vudee na galoni la maji. Ninawasihi wazee wa koo: kaeni kikao kwa simu, usiku huo huo.

Nakuja sasa kwenye kitanda cha nyumbani, na hapa nitakaa kwa muda.

Mgonjwa amerudi. Majirani wamejaa, uji wa moto umeletwa, na mama amechukua mto laini kuliko yote ya nyumba akauweka chini ya kigutu. Kila anayeingia anaona upendo, na kweli ni upendo. Lakini goti au nyonga iliyokunjwa juu ya mto kwa wiki nne au sita hukakamaa, misuli ikawa mifupi, na mguu bandia hauwezi kuvikwa kwenye goti lisilonyooka. Baada ya miezi mitatu mtu huyo anafika karakana ya viungo bandia, nauli imepatikana kwa kuuza mbuzi, naye anaambiwa arudi nyumbani afanye mazoezi kwanza. Wengi hawaji tena.

Dawa ya hilo haigharimu hata shilingi. Goti linyooshwe juu ya godoro bila mto. Mgonjwa alale kifudifudi mara kadhaa kwa siku, kwa dakika ishirini hivi, ili nyonga inyooke. Asikae kutwa nzima kitini na kigutu kimening'inia. Kidonda kikishapona vya kutosha, kigutu kifungwe bandeji ya kuvuta kwa mzunguko wa kupishana, ikaze zaidi kwenye ncha na ilegee kadiri inavyopanda, ili uvimbe upungue na kigutu kipate umbo la kuingia katika mguu bandia. Ikikazwa zaidi juu kuliko chini, inaziba damu na kuleta madhara. Ifunguliwe na kufungwa upya mara kadhaa kwa siku, ngozi itazamwe kwa mwanga, ioshwe kwa sabuni na ikaushwe. Mtoto wa darasa la sita anaweza kujifunza kufunga bandeji hiyo akiwa amesimama kando ya muuguzi. Nimewaona watoto wakiifunga vizuri kuliko watu wazima, kwa kuwa hawaogopi kukiangalia kigutu.

Woga huo wa kuangalia tusiupuuze. Kuna nyumba ambamo shuka hufunika kigutu mchana na usiku, na mke hulala chumba kingine akisema anaogopa kumuumiza mumewe. Kuna familia zinazouliza, kwa sauti ya chini, mguu ulikwenda wapi, na kama ulizikwa. Swali hilo lina heshima zake. Mhudumu wa afya anapaswa kulijibu kabla halijaulizwa, na familia inayotaka kukizika kiungo cha ndugu yao kwa taratibu za dini yake isikilizwe.

Lisipojibiwa, linarudi usiku kwa sura nyingine. Mgonjwa analia kwamba vidole vinawaka moto, na vidole havipo. Wengi wa waliokatwa viungo hupata maumivu hayo. Katika karne ya 16 tabibu wa majeshi wa Ufaransa, Ambroise Paré, aliandika kuhusu askari waliolalamikia miguu iliyokwisha kukatwa. Ubongo bado una ramani ya mguu, na mishipa ya fahamu iliyokatwa bado inapeleka habari. Nyumba isiyoelezwa hivyo husema amelogwa, au mguu umezikwa vibaya, na fedha za matibabu huenda kwa mganga. Zipo dawa, na upo pia msaada wa kioo: mgonjwa huketi na kioo kirefu kati ya miguu, akatazama mguu mzima ukijitokeza upande wa uliokatwa, akauchezesha taratibu. Wapo wanaopata nafuu na wapo wasiopata, lakini kioo kinapatikana katika duka lolote hapo stendi.

Sasa karakana. Zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981 kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Vijana wa nchi nyingi za Afrika wamesomea pale. Watu wa Same tunapita mlangoni mwake tukienda kuwaona wagonjwa, na wengi hatujui kwamba kinachotengenezwa humo ndicho tunachokitafuta. Fundi hukivika kigutu plasta, akapata umbo lake, akamimina plasta nyingine ndani kupata mfano kamili, kisha akaunda juu yake kikombe cha plastiki kinachopokea kigutu. Plasta hiyo hutokana na jasi. Jasi inachimbwa Makanya, katika wilaya yetu, na kila siku malori yanaipakia kwenda viwandani. Malighafi ya mguu iko mlangoni petu. Fundi ndiye aliye mbali.

Mguu wa kwanza haudumu. Kigutu husinyaa katika mwaka wa kwanza, kikombe kikalegea, mtu akaongeza soksi moja, mbili, tatu, hatimaye akahitaji kingine. Mtoto anayekua huhitaji kubadilishiwa mara kwa mara, pengine kila mwaka. Ndiyo sababu sifurahii sana sherehe ambapo mgeni rasmi hukabidhi miguu kumi, picha zikapigwa, na hakuna aliyeuliza nani atakaza skrubu mwezi wa nne. Na mguu wenyewe uwe wa mahali petu. Mwaka 1968 huko Jaipur, India, fundi Ramchandra Sharma na daktari P. K. Sethi walitengeneza mguu wa mpira unaomruhusu mtu kuchuchumaa, kukaa chini na kutembea pekupeku shambani. Walianza kwa kutazama namna watu wao wanavyoishi. Sisi tunahitaji mguu unaoshuka mteremko wenye utelezi wakati wa masika, kwa sababu aliyevaa mguu bandia huona kushuka ni kugumu kuliko kupanda.

Kuhusu nyumba yenyewe, niwape habari za familia moja ya mlimani walioniruhusu niwataje bila majina. Baba alipoteza mguu chini ya goti. Magongo yake yalizama kwenye tope, hadi fundi viatu alipokata raba pana za tairi na kuzibana chini. Choo chao ni cha shimo, na mtu wa mguu mmoja hawezi kuchuchumaa salama. Kijana wao alitoboa kiti cha mbao, akakipigilia juu ya tundu, akafunga mti wa kushikilia ukutani. Hayo yalifanyika baada ya baba kuanguka chooni usiku. Ngazi za udongo kutoka njiani hadi mlangoni zilichongwa upya na majirani katika kazi ya pamoja ya msaragambo, nyingi na fupi fupi, zenye ufito wa kushika upande wa mkono wake wenye nguvu. Kwa muda wa miezi mingi familia ilimfanyia kila kitu, hadi akaacha kusema. Mke wake ndiye aliyeligeuza jambo hilo. Alimletea tangawizi ya kuchambua na kupima, akamwachia daftari la mauzo, na alipokosea hesabu aligombana naye kama zamani. Aliniambia kwamba siku ile ya ugomvi ndiyo aliyojua mumewe amerudi.

Nyumba hiyo ilikuwa na bahati, kwa kuwa aliyeumia alikuwa mwanamume. Mume akikatwa mguu, mke huchukua jembe, maji, kuni na mgonjwa, na watu humsifu. Mke akikatwa mguu, mara nyingi kazi zake humsubiri palepale zilipokuwa, na ndoo haimpati mwingine wa kuibeba isipokuwa binti, ambaye huanza kukosa shule. Hili nalisema mbele ya wanaume wenzangu wa Upare bila kulipamba: hakuna utengamao wa mwanamke katika nyumba ambayo mume hajajifunza kuteka maji.

Serikali tayari imejifunga kwa sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inayotaka kuwe na kamati hadi ngazi ya kijiji. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo ipo. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ni mtu mmoja tu kati ya kumi wanaohitaji viungo bandia na vifaa vya namna hiyo anayevipata. Lakini anayepata msaada hufika mbali: vijana wetu wa Tembo Warriors, timu ya taifa ya soka ya waliokatwa viungo, walicheza Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022 wakafika robo fainali, kwa magongo na mguu mmoja. Walifika huko kwa sababu walipata uwanja, kocha na mazoezi.

Kwa hiyo ninawaomba wauguzi: mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ndugu zake wawili hawajafunga bandeji mbele yenu kwa mikono yao wenyewe. Ninaiomba halmashauri ikubaliane na wataalamu wa Moshi ili fundi wa viungo bandia aje Same kwa siku zinazojulikana, zitangazwe sokoni na katika nyumba za ibada, kwa kuwa ni rahisi fundi mmoja kuteremka kwenye basi kuliko watu wenye magongo kupanda. Na ninyi wenyeviti wa vijiji mliomo ukumbini, kila mmoja wenu anaijua nyumba moja yenye mtu aliyekatwa mguu. Msaragambo ujao uanzie kwenye njia ya nyumba hiyo, na choo chake kitazamwe siku hiyo hiyo.