Mwanafizikia wa Leza Asipimwe kwa Kunukuliwa Pekee

Ukishika barabara kuu ya Thika kutoka Nairobi, unapita Ruiru, unaingia Juja, kisha unafika Thika. Katika kipande hicho kifupi pana vyuo vikuu kadhaa: Zetech huko Ruiru, Jomo Kenyatta huko Juja, Mount Kenya mjini Thika. Mhadhiri wa fizikia anayetaka kupandishwa cheo huulizwa amechapisha makala ngapi, na pengine pia wenzake wamezinukuu mara ngapi. Swali hilo la pili, jinsi tunavyolitumia, linamwonea mtu anayefanya kazi ya leza nchini mwetu.

Kipimo cha kunukuliwa kinachotajwa sana kilibuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California. Mwenye makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, anapata 10. Akitaka 11, makala 11 zifike 11 kila moja. Hirsch mwenyewe alitahadharisha kwamba nambari moja haitoshi kumweleza mtu. Tahadhari tumeiacha, nambari tumeing'ang'ania.

Sasa tazama leza inavyoweza kutufaa. Unachukua udongo wa shamba la kahawa, unaukausha, unausaga, unaushindilia uwe kidonge. Kisha unaupiga kwa leza, mpigo mfupi mno usioonekana kwa jicho. Panaruka cheche nyeupe, na mlio mkavu. Ndani ya mwanga wa cheche ile kila elementi ina rangi zake: potasiamu zake, zinki zake. Kifaa kinazitenganisha, nawe unajua shamba limepungukiwa na nini. Chuo Kikuu cha Nairobi kimeifanyia utafiti mbinu hii. Ugumu ni kwamba udongo hutofautiana. Vipimo vilivyosawazishwa kwa udongo wa ng'ambo vinaweza kukupotosha kwenye udongo mwekundu wa Kiambu. Lazima mtu akae asawazishe upya, sampuli baada ya sampuli. Makala ya kazi hiyo itasomwa na wachache. Atakayefaidika ni mkulima na afisa wa kilimo, na hao hawachapishi makala za kumnukuu mtu.

Watu wa Ruiru wanalielewa hili vizuri. Mwaka 1985 watafiti wa kahawa huko walitoa aina ya Ruiru 11, inayostahimili CBD, ule ugonjwa unaoozesha buni changa, na kutu ya majani pia. Mkulima alitafuta miche, hakutafuta makala. Ukiipima kazi ile kwa kunukuliwa tu, utakuwa umeacha mashamba yote nje ya hesabu.

Mwaka huohuo wa 1985, Donna Strickland, akiwa bado mwanafunzi, alichapisha na mwalimu wake Gérard Mourou makala ya kurasa tatu tu, kuhusu namna ya kuongeza nguvu za mipigo mifupi ya leza. Ndiyo iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2018, na wakati huo Strickland alikuwa profesa mshiriki katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Makala hiyo imenukuliwa maelfu ya mara, nami siwezi kusema kunukuliwa hakuna maana. Lakini kwa kipimo cha Hirsch, makala moja, hata inukuliwe mara 5,000, inakupa 1. Moja!

Halafu kuna fedha, maana makala isiyosomwa hainukuliwi. Jarida la Nature lilitangaza mwaka 2020 kwamba mwandishi anayetaka makala yake isomwe na wote bila malipo atalipa yuro 9,500. Mhadhiri wa Juja atazitoa wapi?

Vigezo vya kupandisha vyeo huwekwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na vyuo vyenyewe vina kamati zao. Ombi langu kwao ni hili: mwombaji alete kazi zake tatu anazozithamini kuliko nyingine, na wanakamati wazisome, wazisome kwelikweli. Kisha wawaandikie wanaoweza kuzitumia, wakiwemo watafiti wa kahawa wa Ruiru, kampuni ya maji ya Thika, na maabara ya hospitali, wawaulize kama zimewafaa. Majibu hayo yatiwe kwenye faili la mwombaji na yapewe alama, kama zinavyopewa makala.