Qalal: Laana na Uzito wa Mtu



Biblia ya Kiebrania ina maneno kadhaa ambayo sisi huyapokea kwa neno moja, laana. Lipo arar, tamko linalomtenga mtu au kitu na baraka. Lipo ala, kiapo kilichobeba adhabu ya atakayekivunja. Haya nayapita upesi, maana shauku yangu iko kwa la tatu, qalal.

Mzizi wake ni wepesi. Katika Mwanzo 8 Nuhu anamtuma njiwa aone kama maji yamepungua, na kitenzi ni qalal. Sura hiyohiyo inapokaribia mwisho, Mungu anaahidi kutoilaani nchi tena, na kitenzi ni kilekile. Basi kumlaani mtu kwa neno hili ni kumfanya mwepesi, kumvua uzito wake mbele ya watu. Kinyume chake ni kabed, kuwa mzito, na ndio mzizi wa amri ya kuwaheshimu baba na mama katika Kutoka 20. Sura inayofuata inamhukumu kifo anayewalaani wazazi wake, na hapo ni qalal.

Msimulizi wa 1 Samweli aliyajua vyema maneno haya mawili. Wana wa kuhani Eli, Hofni na Finehasi, wanapora sadaka za watu. Mtu wa Mungu anamjia baba yao na onyo: wanaomheshimu Mungu watapewa heshima, wanaomdharau watakuwa wepesi. Baadaye Eli anaanguka kutoka kitini na kuvunjika shingo, na tunaelezwa sababu: alikuwa mzee, tena mzito. Kabed! Mkwewe anajifungua na kumwita mtoto Ikabodi, kwa kuwa utukufu, yaani ule uzito, umeondoka Israeli. Ni ufundi mkubwa wa lugha, na huwa nasikitika kuona jinsi wasomaji wetu wanavyoukosa.

Walawi 19 inakataza kumlaani kiziwi. Kwa nini kiziwi, asiyesikia? Kama laana ingekuwa maumivu ya masikio tu, asingedhurika. Lakini utu wake unapunguzwa mbele ya wanaosikia, naye hana hata nafasi ya kujitetea.

Abramu anapoitwa, katika Mwanzo 12, maneno mawili yanakutana: atakayemfanyia qalal, Mungu atamfanyia arar. Anayemdharau mwenzake ndiye anayetengwa na baraka.

Nalikazia hili kwa sababu ya Mwanzo 9. Vizazi kwa vizazi watu walifundishwa kwamba Hamu, mwana wa Nuhu, alilaaniwa, na kwamba weusi wetu ni alama ya laana hiyo. Watetezi wa utumwa huko Marekani walilihubiri fundisho hilo katika karne ya 19. John Hanning Speke, aliyepita Karagwe akitafuta chanzo cha Nile, alilirudia katika kitabu chake cha mwaka 1863, akiwaita Waafrika wana wa Hamu aliyelaaniwa na baba yake.

Someni andiko lenyewe. Neno ni arur, kutoka arar, na anayelaaniwa ni Kanaani, mwana wa Hamu, si Hamu mwenyewe. Anayelaani ni Nuhu, aliyetoka kulevuka. Mungu hasemi chochote katika kisa hicho. Rangi ya ngozi haitajwi. Walioitwika Afrika arur ile walikuwa wakitenda qalal, tendo lilelile ambalo Mwanzo 12 inalitangazia arar, nami nalisema hili bila kumung'unya maneno. Sura ya 10 inawataja wana wa Hamu: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Kushi, ambaye jina lake ni la nchi iliyo kusini mwa Misri, hana laana yoyote. Mwanawe ni Nimrodi, shujaa na mwindaji hodari, ambaye ufalme wake unaanzia Babeli.