Ngalawa, Jahazi na Elektroni

(Maneno aliyoyasema mmoja wetu katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bagamoyo)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya hadubini ya elektroni. Nitakuwa mfupi, maana pilau imekwisha kunukia.

Hapa Bagamoyo watoto walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Chembe ya chanjo hiyo ina upana wa nanometa 20 hivi. Chembe 50,000 zikipangwa mstari mmoja hufikia milimita moja tu. Hadubini ya maabara ya shule haiwezi kuionyesha, kwa kuwa wimbi la mwanga lenyewe ni refu kupita chembe mara 20 au zaidi. Elektroni nayo ni wimbi, kama alivyoeleza Louis de Broglie mwaka 1924. Ikisukumwa kwa volti 100,000, urefu wa wimbi lake haufiki hata nanometa 0.004. Basi mtu angetegemea kila kitu kionekane wazi. Mbona sivyo?

Elektroni zipitazo katika sampuli ni za namna mbili. Baadhi hupindishwa tu, zisipoteze nishati. Nyingine huacha nishati kidogo ndani ya sampuli. Hizi za pili hutuambia sampuli imeumbwa kwa atomu gani, lakini hazisemi barabara nishati hiyo zimeiacha mahali gani.

Twendeni ufukweni. Jahazi kubwa huyumba polepole, ngalawa huyumba upesi. Boti ya mashine ikipita karibu, msukumo wake ni wa ghafla. Ikipita mbali, msukumo huja taratibu. Msukumo wa taratibu waweza kuliyumbisha jahazi, lakini ngalawa huinuka na kushuka nao tu. Kwa hiyo ukiona ngalawa imeyumba, unajua boti ilipita karibu. Ukiona jahazi limeyumba, boti yaweza kuwa ilipita karibu au mbali.

Elektroni ndiyo boti yetu. Mtikisiko wa upesi hula nishati nyingi, wa polepole hula kidogo. Elektroni ya volti 100,000 ikipoteza elektroni-volti 284, kiasi cha kuing'oa elektroni ya ndani kabisa ya kaboni, mahali pake panajulikana kwa chini ya nusu nanometa. Ikipoteza 20 tu, mahali hapo hutanuka kufikia nanometa 5 hivi. Hiyo ni robo ya chembe nzima ya chanjo! Wala kosa si la mashine.

Je, elektroni iliyopoteza nishati bado ni wimbi? Mawimbi yatokayo sehemu mbili huungana na kufanya mistari ya mwanga na giza, ikiwa hakuna alama iliyobaki ya kusema wimbi lilipita wapi. Nishati iliyoachwa ni alama. Lakini ndani ya zile nanometa chache alama haibagui mahali, na mawimbi bado yanapatana. Nje yake hayapatani tena. Mwaka 2000 Hannes Lichte na Bert Freitag walionyesha kwamba elektroni za namna hii zaweza kweli kufanya mistari hiyo. Kwa hiyo ukungu wa mahali na upatano wa mawimbi ni jambo moja lililotazamwa pande mbili.

Ndugu zangu, nilijifunza hayo kwa aibu. Nilipokuwa kijana nilichora mshale kwenye picha yangu nikaandika: "Kiko hapa." Mwenzangu akaniuliza nimejuaje, ikiwa nishati iliyopotea ni ndogo kiasi kile. Sikuwa na jibu. Niliufuta mshale, na kazi ya miezi minne ikaenda nao.

Sijutii. Mama anayempeleka mtoto wake kuchanjwa haioni chembe. Anategemea neno letu. Vijana wa shule hii watakaofuata njia hii nawaomba jambo moja: mkionyesha picha, semeni pia mwisho wa ujuzi wake. Kabla ya kuchora mshale, jiulizeni kwanza: je, hii niliyoiona ni ngalawa, au ni jahazi?