Haki ya Nauli na Fomu Isiyosomeka

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi ndugu zetu wanajeshi na polisi mlio kambini, vituoni na lindoni, mazungumzo yetu ya leo yanahusu karatasi.

Huko Uingereza, Sheria ya Usafiri ya mwaka 2000 ilitaja makundi saba ya walemavu wanaostahili nafuu ya nauli za mabasi. Wamo wasioona, viziwi, wasioweza kusema, wenye shida kubwa ya kutembea, wasio na mikono na wenye ulemavu wa akili. Kundi la saba ni la wale ambao wangenyimwa leseni ya udereva kwa sababu ya afya. Mlevi wa kudumu, askari wa usalama barabarani watafurahi kusikia, hakuhesabiwa. Tangu tarehe 1 Aprili 2008, mwenye pasi hiyo husafiri bure katika mabasi ya kawaida popote England, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tano usiku, na mwisho wa juma kutwa nzima.

Lakini pasi haiji yenyewe. Huombwa, na huombwa kwa fomu. Mtu asiyeona akikabidhiwa karatasi ya herufi ndogo ili athibitishe kwamba haoni, sheria imempa nini? Itambidi amtafute jirani, amfunulie siri za maradhi yake, kisha atie sahihi chini ya maneno ambayo hakuyasoma. Polisi anayeandika maelezo ya shahidi anaujua uzito wa jambo hilo: maelezo husomwa kwanza, ndipo sahihi ifuate.

Kwa hiyo Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 iliwataka watoa huduma watoe taarifa kwa njia ambayo mlemavu ataweza kuitumia, pale ambapo bila hivyo angepata tabu kubwa. Fomu yaweza kuwa ya herufi kubwa, ya nukta nundu, ya sauti, au ya lugha nyepesi yenye picha. Kanuni za mwaka 2018 zikazigusa na fomu za mtandao za ofisi za umma.

Wako wanaodhani kwamba nukta nundu humaliza kazi. Sivyo. Aliyepoteza uoni ukubwani mara nyingi hajui kuzisoma mpaka afundishwe. Wanajeshi wa Uingereza waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza walifundishwa katika nyumba ya St Dunstan's, iliyoanzishwa London mwaka 1915 na Arthur Pearson, mwenye magazeti ambaye naye alikuwa amepofuka. Kwa mwenye uoni hafifu, herufi nene nyeusi juu ya karatasi isiyong'aa zatosha, na gharama yake ni ndogo. Ila tangazo la kuwapo kwa fomu hiyo likichapwa kwa herufi za sisimizi, ni nani atakayelisoma?

Kenya na Uganda ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 9 inataja usafiri na taarifa pamoja. Basi ndugu askari uliye mezani, raia asiyeona akifika na fomu yoyote, mpeleke pembeni pasipo masikio ya watu, umsomee yote hadi mstari wa mwisho, ndipo umwongoze mkono penye nafasi ya sahihi.