Kuweka Nyumba Rehani: Maneno ya Kamati ya Mikopo Siku ya Maadhimisho ya Miaka Kumi



Tumepewa dakika kumi, na pilau linanukia, kwa hiyo hatutazunguka.

Miaka kumi tumekopeshana mara tatu ya akiba ya mtu, kwa wadhamini wawili. Utaratibu huo ndio uliotufikisha hapa. Lakini mwenye akiba ya laki tano anapata milioni moja na nusu, na kwa anayetaka mashine ya kusaga hiyo haitoshi. Ndiyo maana wengi mmetuuliza: kwa nini tusiende kwenye SACCOS tukaweka nyumba rehani?

Inawezekana. Hesabu yake ni hivi. Mthamini akisema nyumba yako ni milioni 30, na bado unadaiwa milioni 8 za ujenzi, chako pale ni milioni 22. Hicho ndicho unachokopea, tena hupewi chote, maana nyumba ikipigwa mnada mara nyingi haifiki bei ya mthamini. Mthamini, wakili na usajili wa rehani unalipia wewe. Na mwenye leseni ya makazi aangalie kwanza muda wake haujaisha. Karatasi ya mauziano peke yake, hata ikiwa na mhuri wa serikali ya mtaa, si hati.

Sasa riba, na hapa jamani tusikilizane. Ukiambiwa "asilimia moja na nusu kwa mwezi" usishangilie. Uliza ni ya nini. Chukua milioni 6 kwa miezi 24. Riba ikikatwa kwenye mkopo wote kila mwezi, utalipa riba ya shilingi 2,160,000. Ikikatwa kwenye salio linalopungua, ukirejesha 250,000 za mkopo kila mwezi, ni shilingi 1,125,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni zaidi ya milioni!

La mwisho ni zito, na mwenyewe ameturuhusu tuliseme bila jina lake. Mwenzetu mmoja alirudi sokoni akakuta dalali anabandika tangazo la mnada ukutani. Mumewe alikuwa amekopa kwa nyumba ile, na kwenye fomu akaandika hana mke. Hana mke! Na watoto wanne wamelala ndani.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema rehani ya nyumba ya familia haisimami bila ridhaa ya mwenzi, na mkopeshaji ana wajibu wa kuchukua hatua za kutosha kujua kama mwombaji ana mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo ilikwisha kukataza mmoja kuweka rehani nyumba ya ndoa peke yake. Tulimsindikiza mwenzetu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa zamu, miezi saba, na cheti chake cha ndoa kwenye mfuko wa plastiki. Mnada ulizuiwa. Nyumba ipo, na mama huyu yupo hapa, amekaa safu ya tatu.

Akina baba msinune. Na sisi wanawake tumo: wapo waliotaka kuweka nyumba kimya kimya, baba asijue. Kamati imekataa kuwapa barua, na itaendelea kukataa.

Kwa hiyo tunapendekeza: atakayetaka barua ya kikundi kwenda SACCOS aje na mwenzi wake, wote wawili mbele ya kamati, na aseme biashara gani italeta marejesho ya mwezi wa kwanza. Mkopo wa harusi au ada tuendelee kukopeshana wenyewe. Fomu ziko kwa Katibu, na kura itapigwa kikao kijacho cha kawaida, saa tisa. Asiyefika asije akalalamika.